Upande Mweupe wa Kiwambo

Hunam alikuwa akigeuza samaki kwenye kikaango alipochungulia sebuleni na kuona kwamba mdogo wake amekigeuza kiwambo cha karatasi cha kukunjwa. Picha aliyoichora Hunam ilitazama ukuta. Nyuma ya meza ya tambiko la baba yao kulikuwa na karatasi nyeupe tupu.

Aliweka mwiko chini polepole. Akasogea mlangoni.

"Gitae, umefanya nini?"

"Nimeweka upande wa tambiko, dada." Gitae hakuinua macho kutoka kwenye matofaa aliyokuwa akiyapanga. "Rangi ni za harusi. Leo ni siku ya marehemu."

"Ulipokuja kuniomba ulisema nichore ninachotaka."

"Kile cha zamani kililiwa na panya, nikahitaji kingine. Mimi nilichotaka ni mgongo wake tu, huu mweupe. Huko mbele ungechora hata mbuzi, nani angekukataza?" Akacheka.

Daon, binti yake Hunam, alikuwa jikoni akipaka samaki unga. Alimtazama mama yake kuona atafanya nini. Macho yale yalimchoma Hunam kuliko kile kicheko.

Mwaka mzima alikuwa akikifanyia kazi kiwambo kile. Mawe ya rangi aliyaokota kwenye kilima alikozikwa baba, akayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa laini kama poda ya mtoto, akayakoroga na gundi ya ngozi ya ng'ombe. Weusi ulikuwa masizi ya msonobari. Paa aliowachora ni wale waliochongwa kwenye jabali la mtoni na watu ambao majina yao hakuna anayeyakumbuka. Msimu wa mvua maji huwafunika, kwa hiyo Hunam aliwafuata wakati wa baridi, akalala kifudifudi juu ya barafu mpaka kifua kikafa ganzi. Mila aliijua. Hakuweka ua, wala ndege wawili wawili, wala chochote cha harusi.

Jina lenyewe la Hunam alipewa na baba, maana yake mwanaume afuate, kana kwamba yeye ni mlango tu wa kupitia mwingine. Mwanaume akafuata kweli, ndiye huyu Gitae. Hunam alipokuwa msichana, baba alizitupa brashi zake kisimani na kusema, "Miti iliyochorwa haiivishi wali." Baadaye picha zake zilipotundikwa Seoul na watu wakasafiri kwenda kuzitazama, mzee alisema magoti yanamuuma. Alikufa hajaona hata moja. Sasa Hunam alitaka jambo moja tu: roho ya mzee ikija kula leo na kukaa mbele ya kiwambo, iiegemee kazi ya binti yake, hata kama haitaigeukia.

Jua lilipozama wanaume wakasujudu. Wanawake wakabaki jikoni, isipokuwa mama yao aliyeketi ukumbini. Kisha Gitae akasimamisha kijiko kwenye wali, akatoka na binamu zake, wakafunga mlango ili marehemu ale kwa amani. Wakasimama ukumbini, vichwa chini.

Hunam akafuta mikono, akaushika mlango mdogo wa jikoni unaoingia sebuleni.

"Mama," Daon alinong'ona, "babu anakula."

"Ndiyo maana naenda sasa."

Kiwambo kilikuwa kizito. Mguu mmoja ulikwaruza sakafu, lakini hakusimama mpaka paa wote walipotazama mezani.

"Kula, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Brashi ulizitupa kisimani. Leo ziegemee."

Nje Gitae akakohoa mara tatu, kama mila inavyotaka, akafungua mlango. Akaona paa wamegeukia meza.

"Umeingia baba akiwa anakula?"

"Nimeingia."

"Kigeuze."

"Kigeuze wewe. Ila mwombe mzee anyanyuke kwanza."

Gitae akapiga hatua mbili. Mama yao, aliyekuwa ameketi kwenye mto wake karibu na mlango, akamgonga mguu kwa fimbo.

"Kijiko bado kimesimama kwenye wali," alisema. "Ukiburuta kitu nyuma yake sasa, umemfukuza baba yako mezani."

"Na yeye je, mama? Si ameburuta?"

"Ameburuta. Mzee hajaondoka. Miaka arobaini na tano nimempakulia yule mtu chakula. Asipopenda jambo, huwa hangoji hata maji ya mwisho."

Maji ya ukoko wa wali ndiyo hufunga mlo, na hupelekwa na mtoto wa kiume. Hunam alilitwaa bakuli mikononi mwa Daon, akapita mbele ya Gitae, akaliweka mezani mwenyewe, akasujudu. Hakulia. Alipoinuka hasira ilikuwa bado haijaisha.

Vyombo vilipoondolewa alikikunja kiwambo, Daon akashika upande wa pili, wakakibeba kuelekea garini. Gitae aliwafuata mpaka mlangoni.

"Mwakani tutaweka nini, dada?"

"Nenda dukani," Hunam alisema bila kugeuka. "Huko wanauza migongo mitupu."