Majani ya Mdalasini Ndani ya Mzigo

Miaka yote niliyouza mdalasini mjini Morogoro sikuwahi kumfungia mtu magome tupu. Ukinunua kwangu, nakutilia na majani machache ya mti uleule, nimeyafunga kwa ukambaa wa mgomba, ukachemshie chai. Ndiyo nyongeza yangu. Mama yangu alifanya hivyo, na kila mwenye meza pale sokoni alikuwa na ya kwake. Mteja akiondoka bila nyongeza anajiona kama amefukuzwa.

Siku hizi sishuki tena mjini. Magoti yamekataa, na hata ningeshuka, wateja wenyewe wako kwenye simu. Mjukuu wangu alimaliza chuo, kazi akakosa, akarudi huku kwetu mlimani, Kinole, akaniwekea duka humohumo ndani ya simu. Ana kundi la watu wa mjini. Anapiga picha magome yangu, wanaagiza, bodaboda anapeleka. Mimi nabandua na kufunga. Kundi hilo likituacha, sina pa kuuzia.

Siku moja akanisomea oda, na jina la ukoo nikalitambua. Nikamwambia amuulize mama yake nani. Kumbe ni binti wa mteja wangu wa zamani, aliyekuwa akija mezani kwangu na huyuhuyu mtoto mgongoni! Furaha ile, nikamfungia majani tele.

Jioni mjukuu akaja jikoni uso umemshuka.

"Bibi, umeweka nini kwenye ule mzigo?"

"Magome, na nyongeza yake."

"Nyongeza gani?"

"Majani."

"Bibi jamani! Hebu ona."

Ilikuwa picha kule kwenye kundi, majani yangu yamemwagwa kwenye sinki. Akanisomea maneno yaliyoandikwa chini yake: "Nimelipia magome, nimejaziwa majani ili uzito utimie. Wezi hawa." Na watu wanacheka, vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Mmoja kaandika kwamba kesho tutawauzia na mizizi.

"Mke mwenzangu, mpigie nimsemeshe," nikamwambia mjukuu.

"Hapokei namba asiyoijua. Wewe ongea hapa, narekodi."

Nikaongea. Nikamsalimia, nikamtajia mama yake, na bibi yake mzaa mama, na ndugu zake wote kwa majina, mmoja mmoja. Nikamweleza mama yake alivyokuwa akiyanusa majani yale kabla hata hajaweka kapu chini. Nikamuuliza, mwizi gani huyo anayekuongezea? Mjukuu ananionyesha kwa mkono: fupisha, bibi, fupisha.

Tukakaa tunasubiri. Chai ikapoa. Nilidhani nitasikia sauti yake, lakini jibu likaja la maandishi.

"Shikamoo bibi. Samahani, sikujua, nimeshafuta. Mama alifariki zamani. Naomba mzigo mwingine ila magome tupu, na mnipigie picha kwenye mzani."

"Umeona?" Mjukuu alifurahi kweli, akanikumbatia. "Ameagiza tena, bibi! Tumepona."

Mimi nilikuwa bado niko kwenye neno lile, kufariki. Mtu nimemuuzia miaka yote ile, na habari ya msiba wake nasomewa katikati ya oda.

"Mwambie pole."

"Nimeshamwambia." Akanionyesha. Neno moja, na kipicha cha mikono iliyobanwa pamoja.

Asubuhi nikafunga magome tupu. Mjukuu akapima, akapiga picha. Mzigo ulikuwa sawa kabisa, ila mikono yangu ilibaki haijui imalizie wapi. Bodaboda akaja, akaniamkia vizuri, akapakia.

"Baba," nikamwambia, "ukifika mpe pole ya mama yake. Mwambie ni mimi, wa mdalasini. Usiisemee mlangoni, keti kidogo kwanza."

Akacheka, si kwa ubaya.

"Bibi, mimi mwenyewe huwa simwoni. Namwachia mlinzi getini, napiga picha, naondoka."