Mkwe Mbele, Mashine Nyuma

Posa yangu ilikuwa haijajibiwa. Haikukataliwa, haikukubaliwa, ilikaa tu, kama nguo iliyopelekwa kwa fundi. Baba wa binti alimwambia mshenga wangu, ambaye ni mjomba wangu, kwamba yeye hana ubaya na mimi, ila hawezi kumuoza mwanawe bila ya kauli ya dada yake mkubwa aliyemlea, na dada mwenyewe yuko kisiwani Tumbatu. Akasema atakwenda kumuuliza, inshaallah. Inshaallah hiyo tulikaa nayo tangu kabla ya Ramadhani, na Ramadhani ikapita.

Mjomba akaona njia. Wakati ule, katika miaka ya hamsini, nilikuwa nikiendesha boti la mashine la tajiri mmoja wa Darajani aliyekuwa akinunua samaki Mkokotoni. Lilikuwa boti dogo la mbao, na mashine yenyewe imefungwa kwa nje, nyuma. Ukiivuta kamba inakohoa, ukiivuta tena inakutukana, mwisho inakubali. Mashine za namna ile zilikuwa bado chache.

"Tumvushe sisi," mjomba akasema. "Atakuona una kazi ya maana, na udhuru hatakuwa nao."

Nilikubali kwa sababu nilimpenda yule binti. Siku zile neno hilo halikusemwa mbele ya watu, kwa hivyo sikulisema, nalisema sasa.

Kuna desturi moja lazima niieleze, maana bila yake safari yetu haifahamiki. Kwetu mposaji hana mdomo. Anamwamkia baba wa binti, anaitikiwa, basi. Lolote la zaidi hupita kwa mshenga, na mshenga hulivisha nguo kwanza. Mjomba wangu alikuwa mshenga hodari. Hata akiomba maji ya kunywa alianza kwa kuulizia hali za wazee na watoto.

Asubuhi ile Mkokotoni kaskazi ilikuwa inavuma. Mzee alifika amevaa kanzu iliyopigwa pasi, joho juu yake, na mwavuli mkononi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akaitikia, huku akiitazama mashine.

Akapanda botini, akapita moja kwa moja, akakaa kwenye ubao wa mbele kabisa. Hakuuliza. Mtu mzima hukaa mbele: msikitini safu ya mbele, kwenye maulidi mbele, kwenye gari la shamba kando ya dereva. Mzee alikuwa mnene, na unene wote ule ukawa puani mwa boti. Mjomba akakaa kati, kama ilivyo kazi yake. Mimi nyuma, nimeshika mkono wa mashine. Pua ikainama, na nyuma ikanyanyuka hata panga la mashine likakaribia kutoka majini.

Boti dogo la mashine halitaki mengi. Linataka uzito ukae kati na chini, na pua iwe nyepesi ili ipande wimbi badala ya kulichimba. Wimbi hulipokei ubavuni, litakupindua. Wala hulivamii uso kwa uso kwa kasi, litakupasulia mbao. Unaliendea kwa upande kidogo, unapunguza moto likifika, ukishalipanda unaongeza. Na mashine huizimi katikati ya mawimbi, maana boti lisilo na mwendo hugeuka ubavu lenyewe na kungoja kupigwa. Haya yote nilikuwa nayajua. Nilichokuwa sikijui ni namna ya kumwambia mkwe asogee.

Mwanzo maji yalikuwa shwari. Tulipotoka kwenye kivuli cha visiwa, mawimbi ya kaskazini yakatupokea, mafupi, yamefuatana. La kwanza pua ililichimba, likaingia ndani na kumlowesha mzee magoti. Akafungua mwavuli, akauelekeza kwenye wimbi linalofuata. Upepo ukaukamata, na boti likaanza kugeuka ubavu.

"Mjomba," nikasema, "mwambie mzee aufunge mwavuli, arudi nyuma akae chini."

Mjomba akajiweka sawa. "Sheikh wangu," akaanza, "safari vipi? Hujachoka? Alhamdulillahi. Sasa, sheikh wangu, kijana wetu huyu, na ujana una mambo yake, lakini huyu hana ila adabu..."

Wimbi jingine likaingia.

"Mwambie nimekaa vizuri," mzee akasema.

Mjomba akanigeukia. "Anasema kakaa vizuri."

"Nimesikia."

"Mimi nnakufikishia tu."

Maji yalikuwa yashafika vifundoni. "Mwambie tutazama," nikasema.

"Neno hilo huliambii baba wa mtu unayemposa."

"Basi atakufa, na binti nitamkosa."

Mjomba akalifikiria hilo. "Nitamwambia bahari imechafuka kidogo," akasema.

Hapo nikaliona wimbi lenyewe. Lilikuwa limesimama, halikuwa na mteremko wa kupandia. Niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kupona nikawa mtu aliyemzamisha baba wa yule binti.

"Wewe mzee, funga mwavuli," nikasema, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwa wachukuzi wa samaki. "Toka hapo. Njoo nyuma, kaa chini, upesi."

Mjomba akafumba macho. Mzee akageuka, akanitazama kwa muda ambao hatukuwa nao. Kisha akafunga mwavuli, akaja kwa magoti, joho linaburura, akampita mjomba na kukaa chini botini, kwenye maji yaliyoingia. Pua ikanyanyuka. Nikaligeuza boti upande kidogo, nikapunguza moto, na wimbi likatupitia chini, likatuinua na kututua upande wa pili. Toka hapo mpaka Tumbatu mjomba alikuwa akiteka maji kwa kopo na kuleta istighfari kwa kila kopo.

Mzee aliingia nyumbani kwa dada yake akichuruzika maji. Mjomba akakaribishwa ndani, mimi nikabaki barazani. Nilijua posa imekwisha. Nilikuwa nimemwamrisha mkwe kama mtu wa kubeba pakacha, tena mbele ya shahidi. Nilihuzunika sana, na walipoleta wali na samaki nilikula wote, maana nilikuwa na njaa pia. Baada ya adhuhuri dada mtu akatokea mlangoni, bibi mfupi, mkavu. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Ndiye huyu?" akamuuliza ndugu yake aliyekuwa ndani.

"Ndiye," mzee akajibu.

Bibi akarudi ndani. Nilizipima sauti zao zote mbili nisipate kitu.

Mzee akatoka na kanzu ya kuazima iliyomwishia chini kidogo ya magoti. Mjomba akamzunguka kwa maneno mazuri ili alichungulie jibu. Akaambiwa jibu litapelekwa kwetu kwa njia yake, siku yake, inshaallah.

Kurudi, mawimbi yalikuwa nyuma yetu. Mzee hakwenda mbele. Alikaa chini bila ya kuambiwa, mgongo karibu na magoti yangu, na mjomba akakaa mbele yake. Wimbi la nyuma ni laghai kuliko la mbele. Ukienda mbio unateremka nalo na pua inajichoma kwenye wimbi lililotangulia. Ukienda polepole mno linakupandia juu ya mashine. Inatakiwa ulifuate mgongoni, usilipite na usiachwe. Lakini mimi nilikuwa nafikiria lile "Ndiye huyu", na mkono ukaongeza moto wenyewe. Boti likaanza kuteremka.

Mzee hakugeuka, wala hakumwita mshenga.

"Punguza, mwanangu," akasema. "Nikizama mimi, nani atakuozesha?"

Nikapunguza. Wimbi likapita chini yetu, likaenda zake. Furaha ilinijaa mpaka nikaukamata mkono wa mashine kwa mikono yote miwili. Mjomba akageuka, kiganja sikioni, maana muungurumo ulikuwa umemziba.

"Kasema nini?" akauliza.

"Kasema nipunguze," nikamjibu.