Kozi Mbili za Shemeji

Sipendi habari za ukoo wetu zizungumzwe dukani kabla hazijazungumzwa sawasawa nyumbani. Kwa hiyo naandika mwenyewe: ni kweli kwamba shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alijenga mlango mfupi. Si kweli kwamba alikusudia kufuga mbuzi.

Shemeji ni mtu mfupi, mwaminifu, na mkaidi kama msumari ulioota kutu ukutani. Kabla ya kustaafu alikuwa afisa mafunzo. Kila mfanyakazi aliyetaka kwenda kozi alipitia mezani kwake, na wengi safari yao iliishia hapo hapo mezani. Kwake yeye, kozi ni likizo iliyovaa tai.

Alipopata kiinua mgongo akatangaza kwamba atajenga bila mkandarasi, abane matumizi.

"Shemeji," aliniambia, "mkandarasi kazi yake ni kusimama kivulini na kunyoosha kidole. Mimi vidole ninavyo kumi, vyote vya bure."

Mkewe, mwanamke mrefu anayetembea kama aliyejitwika mtungi, hakucheka. Tangu waoane wameishi nyumba za kupanga.

"Jenga, baba watoto," alisema. "Lakini ukinitia aibu, sihamii. Utakaa humo wewe na vidole vyako."

Na yule akisema, amesema.

Shemeji akanunua kofia ngumu ya njano, akaanza kusimamia. Kuta zikapanda vizuri. Ndipo fundi mwashi akamfuata na neno lililozua haya yote. Mazungumzo yao nimeyapata kwa wote wawili, na yamelingana.

"Mzee, zimebaki kozi mbili, kisha tumwage zege la lenta pale juu ya milango."

"Kozi mbili? Anakwenda nani?"

"Tunakwenda nazo sote, mzee. Ni za haraka tu."

"Sote! Na kazi abaki nayo nani?"

"Kazi si ndiyo hizo kozi?"

"Nyie vijana mna maneno! Hapa hakuna kozi. Anayetaka ajigharamie."

Fundi akakuna kichwa. "Hata moja, mzee?"

"Hata nusu."

"Bila kozi hatufiki juu."

"Kufika juu ni bidii, si kozi!"

Fundi aliwageukia wenzake. "Mmemsikia mwenye nyumba? Haya, mwageni zege." Nao, waliopunguziwa kazi kwa amri, hawakubisha.

Zege likakauka. Shemeji akapita mlangoni na kofia yake kichwani, hakugusa kitu, akaridhika. Akatuita mimi na mkewe tukatazame.

Mkewe alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni, akasimama. Lenta ilikuwa inamtazama usoni.

"Mlango huu wa nani?"

"Wetu, mke wangu."

"Wako huu. Mimi nitaingilia wapi, dirishani?"

"Unainama kidogo tu…"

"Niiname? Nyumbani kwangu? Dada, twende zetu."

Nilimshika mkono, maana nilijua akifika barabarani na hasira zile, ukoo mzima utasemwa. Nikamwuliza fundi kulikoni.

"Mama, tuliomba kozi mbili, mzee akatunyima."

"Kozi za nini?" nikauliza.

Fundi akapiga ukuta kwa mwiko, mstari mmoja wa matofali. "Hii kozi." Akapiga mstari wa juu yake. "Na hii kozi."

Shemeji akavua kofia taratibu. Jasho likamtoka hata pale ambapo kofia haikufika.

"Kumbe ni tofali," alisema.

"Ulidhani nini, mzee?"

"Nilidhani mnakwenda chuoni."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya mfuko wa saruji. Mke wa shemeji hakucheka, ila hakuondoka. Aliinyooshea lenta kidole, akasema, "Ivunje."

"Lakini mama watoto, nondo zile, saruji ile…"

"Ama lenta, ama mimi."

Shemeji akarudisha kofia kichwani. Akachukua nyundo kubwa mkononi mwa fundi, akapanda jukwaa mwenyewe, akapiga. Kila alipochoka alimtazama mkewe chini, naye alimwonyesha kwa kidevu: endelea.

Alichookoa kwa mkandarasi kimeishia humo, na kingine juu yake. Lakini kozi mbili zilijengwa, lenta nyingine ikamwagwa. Siku ya kuhamia, mkewe alivaa kilemba kirefu kuliko vyote alivyo navyo. Akapita mlangoni bila kupunguza mwendo, akageuka.

"Haya," akatuambia, "leteni makochi."