Modeli Iliyoitwa Makau

Kavindu alipoandika programu ya duka la kuchapa la Bwana Abdulfatah, pale River Road, kila alipouliza karatasi inakwenda wapi ikitoka kwenye mashine alijibiwa kwa jina la mtu: inaenda kwa Makau. Makau ndiye aliyekuwa akikata, tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Basi Kavindu akafuata mdomo wa duka. Alitumia lugha ya programu iitwayo PHP, na fremuwaki yake, kiunzi cha kujengea programu, humtaka mwandishi aunde modeli, yaani faili linaloshika habari za kazi moja, kisha ukurasa wowote unaozihitaji uipakie modeli hiyo kwa jina lake. Ile ya kukata akaiita Makau. Alipomwonyesha mzee jina lake kwenye kioo cha kompyuta, mzee alicheka kwa haya akajifuta mikono, kana kwamba ameambiwa alishike.

Mwaka huu mkono wa Makau ulianza kutetemeka, na mkono wa namna hiyo hauachiwi kisu cha mashine. Abdulfatah hakumfukuza, alimpa kazi ya kupelekea wateja mizigo, ila akasema wazi kwamba ni ya majaribio. Kavindu akaandika ukurasa wa upelekaji. Upakie modeli gani? Mizigo inaenda kwa Makau. Vidole vikaandika jina hilo vyenyewe.

Kazi ya kwanza kukamilika ilikuwa kadi za harusi za familia moja ya Muthangari. Badala ya kutokea kwenye kioo cha mlangoni, alipoketi Makau akisubiri, zilitokea tena kwenye kile cha chumba cha kukatia, kana kwamba hazijakatwa. Muindi, aliyerithi kisu, akatii kioo, akazikata mara ya pili. Jina la baba wa bibi harusi likaenda na makapi.

“Mzee, kadi zako nimezinyoa,” Muindi akamtania.

Abdulfatah hakucheka. Alisema mpelekaji asiyejua mzigo wake uko wapi hamfai, na kwamba wiki ikiisha wataagana. Makau alikaa tu, mkono mmoja umeushika mwenziwe.

Kavindu akarudi kwenye programu. Hakukuwa na hitilafu yoyote iliyoandikwa popote. Ukurasa uliomba modeli kwa jina, ukaletewa hiyo hiyo. Ni yeye aliyesahau kwamba mtu amehama na jina limebaki. Akaenda kwa Abdulfatah, akamwambia kosa ni lake, Makau hana hatia. Mwenye duka akaagiza kadi zichapwe upya na mzee aendelee.

Likabaki lile jina. Kavindu alimwita Makau kando akamweleza kwamba itabidi alitoe kwenye programu.

“Huwezi kunihamisha na mimi?” Makau akauliza. “Nikae kwa upelekaji?”

“Naweza, mzee. Lakini siku ukitoka huko, mwingine atakuja kukutafuta humo kama nilivyokutafuta mimi.”

Makau alikitazama kioo.

“Basi andika jina la kazi,” akasema. “Mimi utaniita kwa mdomo.”

Kavindu akalifuta. Akaandika Ukataji, akaunda modeli nyingine, Upelekaji, kisha akapitia kurasa zote zilizokuwa zikipakia jina la zamani, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kadi mpya zilipokauka na kukatwa, mzigo wa Muthangari ukatokea kwenye kioo cha mlangoni. Kavindu hakungoja mzee auone. Alisimama akamwita.