Pete ya Unga ya Bi Hou, na Padri Aliyesimama Mlangoni

Alfajiri, jiko la Hou Qiaozhen limejaa mvuke, na mwenye jiko anagombana na unga. "Umuka basi, mvivu we! Mjukuu wangu anatimiza mwezi leo, nawe umelala?"

Bi Hou, mwenye miaka sitini na mmoja, anauza mikate ya mvuke hapa kijijini Liujiagou, China, yuan moja na nusu kila mmoja. Wa leo hauuzwi. Ni pete ya unga, pana kama ungo, yenye wanyama wadogo pembeni. Mtoto anapotimiza mwezi, bibi mzaa mama humletea pete hiyo, na mtoto hupitishwa katikati ili ashikamane na uhai.

Meiyun, bintiye Bi Hou, hakuletewa. Bibi yake alikwisha kufa zamani. "Majirani walinyamaza kwa heshima," anasema Bi Hou. "Kunyamaza kwao ndiko kulikoniuma."

Aliyemfundisha Bi Hou pete hii ni marehemu ambaye hakuwahi kushika unga. Padri Anselmo, mmisionari aliyeishi hapa karne iliyopita, aliandika kitabu kinene juu ya historia ya Wachina na mila zao. Meiyun alimsomea mama yake tafsiri yake.

"Kwenye wafalme nilisinzia," Bi Hou anacheka. "Alipofika jikoni nikaamka. Maskini, mwanamume haruhusiwi kwa mzazi, basi akasimama mlangoni na kuandika alichokiona. Kipimo cha maji hakukijua. Nimekitafuta mwenyewe."

Wiki hii pete tatu zimepasuka. Wakwe wa Meiyun, watu wa mjini, wamenunua keki ya krimu ya ghorofa tatu, na wageni wa sherehe kwao ni wengi.

Gari linasimama nje. Meiyun anaingia na kichanga wake wakati mama yake anapofunua sufuria. Bi Hou anatazama, kisha anakaa chini.

"Imepasuka tena. Nenda, mwanangu. Siwapelekei watu ufa."

"Mama, neno hilo halisemwi! Padri ameandika kwamba mkate ukipasuka, wanawake wa hapa walisema umecheka. Uliocheka ndio waliougombania."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikusomea. Ulikuwa unakoroma."

"Hunidanganyi ili kunifariji?"

"Mimi labda. Padri je, atakudanganyia nini, naye yuko kaburini?"

Bi Hou anacheka mpaka machozi yanamtoka, na si ya kicheko tu. Anamchukua mtoto mikononi.

Mtoto akitimiza miaka kumi na miwili, mila inataka pete nyingine. Bi Hou atakuwa na sabini na mitatu, na amepanga kuikanda kwa mikono yake. "Magoti yakikataa, nitakanda nimekaa."

Anavua aproni, anapanda gari, pete mapajani. Dereva anauliza kama aiweke nyuma, na mizigo.

"Iache hapa," anasema Bi Hou. "Wakiuliza nani kaleta, nataka wanione."