Nyuzi Laini Penye Maporomoko

Haya ni mambo ya aibu na mimi nimechoka kuyaficha, basi leo nayasema mwenyewe, maana kila nikikutana na mtu wa zamani zetu lazima aniulize, huku anacheka, kama bado napiga lile gitaa bubu.

Ilikuwa baada ya uhuru, mji bado tunauita Stan, kwa jina lake la kikoloni, na duka la mzungu lililokuwa likiuza nyuzi za gitaa lilikuwa limefungwa na mwenyewe ameshakimbia. Kwa hiyo sisi wapigaji wa mtaa wa Mangobo tulibaki na njia mbili tu: ama uende kwa fundi wa baiskeli akupe waya wa breki, uufumue, utoe uzi mmoja mmoja, gitaa lilie mpaka nyumba ya tatu lakini vidole vikatike, ama ufunge mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, ambao hauumizi kitu na sauti yake ni tamu, ila ni ndogo. Mimi nilikuwa sijashika gitaa kwa miezi (nani angefanya sherehe na askari wako kila kona?), vidole vimekuwa laini kama vya karani, nikasema aa, ngoja nifunge nailoni. Uamuzi mdogo kabisa, haukumaliza hata kikombe kimoja cha chai.

Tatizo ni kwamba Jumapili ile nilikuwa naenda kupiga mbele ya Papa Alphonse, mvuvi, baba yake Odette, msichana niliyetaka kumwoa. Mzee alikuwa amesema haoni kama gitaa ni kazi ya kulisha mke. Nije nipige mbele ya ndugu zake, wasikilize, kisha wao wenyewe waseme ndiyo au hapana. Chumbani kwangu nailoni ililia vizuri hadi nikajipenda.

Sasa akina Odette wanakaa wapi? Pale pale kwenye maporomoko ya mto. (Nilikuwa nimeshakwenda kwao mara kumi, na kila mara tuliongea kwa kupayuka, na sikuwaza hata siku moja kwamba sababu ni maji, nilidhani familia yao ndivyo inavyoongea.)

Basi saa tisa mchana nikakaa kwenye kiti, tonton, yaani mjomba wangu aliyenisindikiza, yuko kando, wazee wamejipanga mbele yangu, na mto unanguruma nyuma ya mgongo wangu. Nikapiga wimbo wa kwanza kwa moyo wote, nikapiga wa pili, nikaingia wa tatu, nikainua kichwa, nikaona wazee wananitazama kwa subira.

"Mutoto," Papa Alphonse akapaza sauti, "utaanza saa ngapi?"

"Papa, niko napiga! Iko chanson ya tatu sasa!"

"Ya tatu?" Akawageukia ndugu zake. "Eti iko ya tatu!"

Mmoja wao akaja akaweka sikio kwenye gitaa, kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa, akatikisa kichwa. Tonton akanipigia kelele: "Kaza kamba! Kaza, utatupatisha haya!" Nikakaza (nailoni ukiikaza inalia juu zaidi, hailii kwa nguvu zaidi, hilo nalijua tangu utoto, lakini wakati ule nilikuwa nimesahau hata jina langu), nikakaza tena, mshipi ukakatika, ukanichapa mdomoni, nikapiga ukelele "Mama yangu!" na wazee wote wakapiga makofi, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza walichokisikia kwangu tangu nikae.

Ndipo Odette akasimama. "Miye nilisikia, papa. Nilisikia yote."

"Bon. Alikuwa napiga chanson gani?"

"Ile ya mama mwenye anatoka ku soko."

Huo ndio wimbo niliokuwa nampigia kila tulipokuwa wawili, na siku hiyo niliuacha makusudi, kwa sababu ulikuwa wetu na sikutaka wazee wausikie. Nilitazama chini. Baba yake aliniona, akaelewa.

"Na weye haukusikia," akamwambia binti yake, bila hasira yoyote. Kisha akanigeukia: "Utarudia siku tutakusikia."

Kesho yake nikafunga waya wa breki. Vidole vikatoka damu, vikapona, vikatoka tena damu, na kabla ngozi haijawa ngumu uasi ukaingia mjini, watu wakatawanyika, familia yao ikakimbilia Banalia, na huko Odette akaolewa na fundi wa mitumbwi. Nasikia ni mtu mwema. Iliniuma sana, na bado inaniuma, siwezi kudanganya.

Nyuzi laini sikusema nitaziacha, zina mahali pake. Nilichoapa ni kwamba sitachagua tena nyuzi nikiwa chumbani kwangu. Sasa mtu akiniita kupiga, natangulia kwenda siku moja kabla, mikono mitupu, nasimama pale nitakapowekewa kiti, nasikiliza kelele za mahali penyewe, ndipo narudi kuchagua nyuzi. Watu wanasema mzee huyu ana ufundi wa pekee.