Ndoano ya Tela la Vyungu

Siku niliyoanza kazi katika gereji ya mjini Kyela, Fundi Mkuu hakunipa spana. Aliniambia nilale chini ya Landrova, nigonge chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, nisikilize. Chasisi ni uti wa mgongo wa gari. Chuma kizima hulia; kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya debe bovu.

"Umesikia nini, binti?"

"Nyuma pamekufa, Mzee."

"Basi hapo usifunge kitu."

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Magari makuukuu yaliingia kutoka nje, na kila aliyepata gari alitaka tela. Bosi wetu, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka Kilwa, alijaza duka ndoano za kila namna.

Ndipo akaja Mama Sekela, muuza vyungu wa Lyulilo kando ya ziwa, na Landrova yake. Miaka yote walanguzi walinunua vyungu pale pale ufukweni. Sasa alikuwa amewashawishi wafinyanzi wenzake wampe yeye mzigo aupeleke Mbeya. Kama ungefika vigae, wangerudi kwa walanguzi.

"Mfungieni ya tufe, haina kelele," Bosi alisema. Hiyo ni ndoano yenye kichwa cha mviringo kinachovikwa kikombe cha tela. Kwenye lami hutulia sana.

Fundi Mkuu akakataa. "Kwenye makorongo, gari likiinamia huku na tela kule, kikombe kitachomoka. Tumfungie ya pete." Hiyo ni ndoano inayofumba mdomo, pete ya tela ikicheza ndani yake.

"Pete inagongagonga! Utamvunjia mzigo."

Mama Sekela aliwatazama wote wawili. "Nifungieni isiyochomoka. Hiyo kelele itafutieni dawa."

Dawa niliikata mimi kwenye tairi bovu. Tulifunga bamba nene kwenye mihimili yote miwili ya chasisi, si kwenye bampa, kisha tukapitisha shina la ndoano katikati, raba mbele na nyuma ya bamba ili ziumeze mshtuko. Tukapima urefu tela likae sawa bila kuinua pua, tukaongeza minyororo miwili iliyopishana.

Fundi Mkuu alinituma nisindikize mzigo pamoja na Mama Sekela na dereva wake. Karibu na Ngonga maji yalikuwa yamekata barabara. Landrova ikainamia kushoto, tela likalalia kulia, na vyungu vikapiga kelele. Niliteremka nikachungulia. Shina lilikuwa limejizungusha na ndoano imeshika. Dereva akavuta taratibu hadi tukatoka.

Mama Sekela akafunua majani ya migomba, akaanza kugonga vyungu kwa kucha, kimoja kimoja. Vichache vya juu vilikuwa vimepasuka. Vingine vyote vililia. Akaketi kwenye tope na gauni lake zuri, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ndaga fijo, fundi," aliniambia. Asante sana.

Baadaye nilihamia gereji ya misheni kule Matema, chini ya Meneja mpole aliyesali kabla ya kuwasha jenereta. Nilifunga ndoano za magari ya wagonjwa, za matela ya boti na ya mpunga. Sikukutana tena na mkuu mkali kama yule wa kwanza, wala niliyempenda kama yeye.

Nilistaafu macho yalipoanza kuukataa mwanga wa kuchomelea. Wanangu wanataka nihamie kwao Mbeya, nipumzike. Nimewaambia bado. Huko nitakuwa bibi wa fulani. Hapa nikipita sokoni, hata wasiowahi kumiliki baiskeli huniita Fundi, nami huitika.